Herufi Zenye Kushiba

Mimi niliacha masomo mu mwaka wa ine wa primaire, lakini herufi nazijua kuliko mwalimu. Mwalimu anazisoma tu. Mimi nilizijenga, moja moja, ku milango ya Butembo: ku baa, ku kinyozi, ku duka za dawa, ku motokari za kubeba viazi. Na zote ni namna moja, juu sina ingine. Ni herufi nene, zenye tumbo ya muviringo. O iko na tundu kadogo katikati sawa kitovu, S inajikunja kama mama mwenye anatoka misa na nguo mupya. Chini naweka kivuli cheusi. Mwisho kabisa, ku bega ya kushoto ya kila herufi, natia alama ndogo ya rangi nyeupe, vile jua inapiga ku sufuria yenye kusuguliwa. Ile nyeupe ndiyo inafanya herufi icheke. Bila ile, ni rangi tu ku ubao.

Niliziokota wakati wa Zaïre, mwaka wa sabini na ine, mu takataka ya imprimerie moja ya kuchapa vitabu. Ilikuwa ukurasa wa katalogi, A mpaka Z, mais Q ilikuwa imeliwa na panya. Mpaka leo sijaandika Q ku ukuta wa mutu. Siku nilileta ule ukurasa ku nyumba, muke wangu Séphora aliuangalia sana, kiisha akasema: "Kitsa, hizi herufi zilishiba." Jina likabaki. Batu balikuwa banakuja ku atelier banasema, niandikie na zile zenye kushiba. Mu hii inchi yetu, ni herufi zangu na bakubwa tu ndio balinenepa.

Séphora alikufa ku barrière ya mulima, kwenye basoda ba bunduki balifunga barabara ya Beni na mti, wakati hii vita ya pili ilikuwa na miezi mine. Malaria ilimupanda ku kichwa tukiwa kwa ndugu zake ku Beni, nikawa namurudisha kwa munganga wa Butembo. Basoda balisema karatasi yetu ya njia haina kashe, ule muhuri wa chef. Kashe ilikuwa mu mufuko wa chef wao, na chef alikuwa kwa mwanamuke moja kule chini, anakula. Tulingojea tangu batoto banaingia masomo mpaka banatoka. Chef alipopanda, muke wangu alikuwa ameisha kupoa ku bega yangu. Chef akapiga kashe yake ku karatasi, akasema tuko mu règle, tupite. Ile karatasi iko ku nyumba mpaka leo. Kashe iko muzuri, inasomeka.

Ku musalaba wake niliandika jina na herufi nyembamba, sawa vijiti vya kiberiti. Mukono ilikataa kuandika zenye kucheka. Na tangu siku ile, mutu akisema mbele yangu ati bakubwa bako banatafuta amani, ninatema mate chini na kuendelea na kazi.

Kiisha baasi, bale ba mouvement, bakaingia Butembo. Balikuwa na jeep ya commandant, balitaka niandike ÉTAT-MAJOR, ile ya makao makuu, ku milango mbili na mbele. Nikabaambia niko na namna moja tu ya herufi, ile ya baa na ya kinyozi. Soda mwenye alileta jeep akanijibu, "Vieux, pakola," ni kusema nipake tu. Nikapaka: nyekundu, kivuli, nyeupe ku bega. Jeep ya vita ikatoka kwangu inafanana na mulango wa buvette. Ikaanza kupanda na kushuka barabara ya Beni kila juma, na soda mwenye alichelewa kuinua mti wa barrière alichapwa fimbo mbele ya benzake.

Mimi sikujua ni kitu gani kilizaliwa pale. Mwenye alijua ni Zorobabel.

Zorobabel anauzisha samaki. Ananunua tilapia ku Kyavinyonge, ku ziwa, anaileta Butembo na Beni mu camionnette yake. Ku mbavu ya ile camionnette niliandika, zamani, SAMAKI MUBICHI YA KYAVINYONGE. Mu ule mwaka wa elfu mbili, samaki ya benzake ilikuwa inafika Beni inanuka, juu inalala ku barrière. Samaki yake ilifika na macho safi. Bamama ba soko balisema iko na dawa. Na kila mwezi ananirudishia motokari, ati matope ilifuta ile nyeupe, nirudilie. Nilimuuliza haraka ya nini kwa samaki. Akanijibu samaki inapenda usafi.

Siku ya Jumatano, jioni, phonie ya paroisse, ile redio ya bapadri, ikaleta habari ya Kavuo. Ni mutoto wangu, wa pekee mwenye alibakia, aliolewa ku Beni na Jacob, mwenye kushona viatu. Uchungu ya kuzaa ilikuwa imemushika tangu jana yake. Mutoto alikuwa amelala kwa upana ndani ya tumbo, hageuki. Munganga wa kupasua alikuwa amekimbia, na chumba chake basoda balikibeba mpaka taa ya ku dari. Infirmière alituma kusema bamufikishe Butembo mbele ya saa sita ya kesho. Kiisha ile saa, alisema, bamupeleke kwa padri.

Beni na Butembo ni kilometa hamsini na kitu. Mu inchi yenye bakubwa banaongoza, mutu anapima njia na kilometa. Kwetu tunapima na barrière, na zilikuwa tatu. Ya tatu, ukitoka Beni, ilikuwa ile ya mulima.

Nilienda kwa Zorobabel kuomba motokari. Nilikuta ananawa miguu mu beseni. Nikamueleza yote, nikamuambia pia ogopa yangu, ni barrière, si matope. Akapangusa miguu polepole kama mutu mwenye ana kitu cha kuungama.

"Mzee Kitsa," akasema, "tutapita. Bale basoda habajui kusoma. Banaona unene na ile nyeupe, banawaza ni motokari ya commandant. Huu mwezi ni wa tatu, samaki yangu inapigiwa saluti."

Nilimuangalia. Sikujua nicheke ao nimupige na beseni yake.

"Miezi tatu, na haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeandikia kila mutu. Kiisha herufi zingekuwa za kila mutu, na barrière ingefungwa."

Alisema kweli. Ningeandikia Butembo muzima, bure.

Alfajiri, mbele ya kutoka, nilifungua sanduku yangu ya rangi nikarudilia nyeupe ku kila herufi ya ile camionnette, kila mbavu. Nilizoea kuitia kama chumvi, kidogo kidogo, huku naongea na batu. Ile asubui niliitia kama mutu mwenye anawasha mishumaa. Nikaweka sanduku nyuma ya kiti, kama matope itapiga njiani.

Na kweli tulipita. Ku mulima, soda aliinua mti na mukono moja, mukono ingine ku kofia, macho mbele. Ku barrière ya katikati balisimama mbili mbili. Zorobabel alikuwa anabarudishia saluti na vidole viwili, bila kupunguza mwendo, na uso wa mutu mwenye anachelewa kwa général. Mimi nilishika kiti. Nilipoona ule mulango wa mti unafunguka mbele ya neno SAMAKI, niliona haya kwa ajili ya serikali yote.

Ku Beni tulimulalisha Kavuo nyuma, ku matela, juu ya mbao zenye kunuka tilapia. Jacob alikaa akishika kichwa chake. Uso wa mutoto wangu ulikuwa wa rangi ya majivu. Alinishika mukono akasema, "Papa, tusipitie kule kwenye mama alikufia."

Barabara ni moja tu. Nikamuambia tutapita mbio, hatauona hata mti. Ya kwanza balitufungulia. Ya pili balitufungulia. Kavuo alikuwa ameacha kulia, na hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi.

Ku mulima, soda wa asubui aliinua mti. Kiisha akaushusha tena, juu mutu mwingine alitoka mu kibanda akapandisha kidole moja tu. Lieutenant. Jina yake Cyrille, ilikuwa ku kifua. Alikuwa na miwani yenye mukono moja ya waya. Akasimama mbele ya mbavu ya camionnette, mikono nyuma, na akafanya kitu hakuna mutu alikuwa amefanya mu miezi tatu. Akasoma.

"Sa-ma-ki," akasema. Akageukia soda wake. "Wewe, ulipigia samaki saluti?"

"Mon lieutenant, hiyo ni herufi ya commandant."

"Inaandikwa samaki mubichi."

"Mimi sikusoma, mon lieutenant. Mimi naangaliaka unene."

Basoda bengine balicheka, kiisha baliacha. Cyrille hakucheka. Akauliza karatasi ya njia. Zorobabel akaitoa. Akaigeuza mbele na nyuma, akasema haina kashe, na kashe iko na adjoint, musaidizi wake, atapanda nayo saa nane.

Kusikia ile neno, kashe, masikio yangu ikafunga. Niliona mti ule ule, mukaratusi ule ule kando ya njia, na hata jiwe lenye nilikalia na Séphora ku bega. Nilishuka. Nilikuwa nataka kupiga magoti, na wakati huo huo nilikuwa natafuta jiwe ya kumupiga nayo. Nyuma, Jacob alikuwa anamuita Kavuo kwa jina, tena na tena, kama mutu mwenye anaamusha mutu.

Kitu kilichoniokoa ni kazi. Macho ya mupentaji inaenda yenyewe kwenye kuna maandiko. Kando ya mti kulikuwa na ubao wa banc ya masomo, umepigiliwa ku nguzo, na juu yake mutu aliandika HALTE, ya kusimamisha batu, na makaa. Herufi zilikuwa zinaanguka upande kama balevi, mvua ilikuwa imekula nusu.

"Mon lieutenant," nikasema, "commandant atapita hapa lini?"

"Atapita leo, kiisha saa nane."

"Na atakuta haya makaa?"

Akaangalia ubao. Niliona inamuuma. Mutu wa miwani, mutu mwenye alishika chaki, hawezi kupenda kitu kama kile. Nikamuambia jeep ya commandant ni mimi niliiandika, huu mukono. Nikamuonyesha sanduku. Nikamuambia: "Nitakuandikia barrière yako na herufi za jeep yake. Itakuwa kazi ya saa tatu, ine. Mimi nabakia hapa, camionnette inaenda. Isiporudi, muko na mimi."

Nyuma Kavuo alitoa sauti, si kilio, kama mulango wenye kufunguliwa polepole. Cyrille aliisikia. Alitoa miwani, akaipangusa na shati, na nilijua anatafuta maneno ya kumuambia mukubwa wake, juu bale hata kufanya muzuri ni lazima kuwe na maneno ya rapport.

"Donc," akasema mwishoni, "hii motokari ilileta mupentaji wa barrière. Iko ku kazi ya mouvement. Tika baleka."

Mti ukapanda. Zorobabel hakungoja kupiga saluti. Niliangalia camionnette inashuka na herufi zangu mpaka kona ikaimeza. Ilikuwa mu saa ine na nusu.

Nikaanza kazi. Niliosha makaa, nikakausha ubao na nguo yangu. Nikavuta uzi wenye unga wa makaa, nikaupiga, tak, musitari wa chini. Tak, wa juu. Nikachora na penseli. H ni miguu mbili za mutu mwenye kushiba, A ni mama anakaa ku kiti kidogo. Sikuwa na haraka na sikuweza kwenda polepole, maana kila nilipoacha mukono, nilisikia ule mulango wa Kavuo unafunguka tena. Donc sikuacha.

Cyrille alikaa ku jiwe, lile jiwe, akiangalia. Alisema alikuwa mwalimu kule kwao Kasaï, miaka saba, kiisha mushahara ukapotea na yeye akapotea nao. Aliniuliza herufi zilitoka wapi, nikamuambia habari ya katalogi na panya. Akauliza ni nani alizipa jina. Nikasema ni muke wangu. Akauliza kama muke wangu atakuwa kwa munganga kupokea mutoto.

Nilikuwa najaza L. Sikugeuka.

"Alikufia hapa," nikasema. "Palepale unakaa. Chef wenu alikuwa na kashe mu mufuko, alikuwa anakula."

Alisimama kutoka ku jiwe kama lilikuwa na moto. Kiisha akasema, "Mimi sikukuwa hapa, papa."

"Hakuna mukubwa mwenye alikuwaka hapa," nikamujibu, nikachovya pinceau.

Hakunichapa. Alienda kusimama mbali kidogo, na hakuuliza tena. Soda yule wa unene ndiye aliniletea maji, na muhogo ya kuchoma. Nilikunywa maji, muhogo nikaiacha.

Saa sita ikapita. Saa nilikuwa naisoma ku kivuli cha mukaratusi. Saa saba. Nyekundu ilikuwa imejaa, kivuli cheusi kimekaa chini, kulibakia nyeupe tu. Nikaifunga mu mukebe. Nilikuwa nimeamua: hii, habataipata. Nitasema nyekundu haijakauka, nitasema nyeupe iliisha. Ubao ule wa kuuwa batu ubakie na uso wa kukunja, sawa wenyewe.

Kiisha nikasikia motokari. Inapanda na première, polepole, inakohoa. Ilikuwa camionnette ya Zorobabel, na haikupiga hata honi. Mutu mwenye analeta furaha anapiga honi. Ikasimama. Zorobabel akafungua mulango, akatoa muguu moja, kiisha wa pili, na magoti yake mabaya, na hakunitazama, alikuwa anatafuta fimbo yake chini ya kiti. Nilikuwa na pinceau mu mukono na nilianza kumuchukia.

"Honi ilikufa ku kona ya chini," akasema. "Nimepiga, nimepiga, hapana kitu. Papa Kitsa, balimupasua. Bako bawili. Moja analia, moja anaomba uji."

"Ni nani analia?"

"Kamutoto. Kasichana. Kanalia sawa mutu wa kudai haki." Akaona uso wangu. "Kavuo iko muzima, mzee. Munganga amesema saa moja tena ingekuwa kazi ya padri. Jacob alianguka chini, balimumwangia maji yeye kuliko muke wake."

Nilikaa mu matope. Pumuzi yenye nilikuwa nimefunga tangu phonie ilitoka yote, na ingine ikaingia yenye harufu ya mukaratusi, na nikajua kumbe ule muti uko na harufu. Miaka miwili sikuijua. Soda wa unene alikuwa anacheka, meno inje, anamupiga Zorobabel ku mugongo ati koko, babu ya samaki, amepata mujukuu, na Zorobabel anamurekebisha kwamba koko ni huyu mwenye matope. Nikasikia sauti ya mutu anasema wasingya, wasingya kutsibu, mingi mingi. Ilikuwa yangu. Sijui nilikuwa namushukuru nani. Si bakubwa.

Cyrille alikaribia. Alisema félicitations, na sauti ya chini. Kiisha akaangalia ubao, akakunja uso kama mwalimu mbele ya kazi yenye haijaisha.

"Na ile nyeupe, papa? Ya jeep iko na nyeupe."

Maneno ya kusema iliisha nilikuwa nayo ku ulimi. Mais mukono ulikuwa umeisha kufungua mukebe. Mukono wangu ulikuwa na furaha, na mukono wenye furaha haujui siasa. Nilitia nyeupe ku bega ya H, ya A, ya L, ya T, ya E, moja moja, na zote tano zikaanza kucheka kule juu ya mulima kama zinakaribisha batu ku ndoa. Zorobabel alisema mutu akiona ile atashuka kuomba bière. Nilikasirikia mukono wangu njia yote mpaka Butembo, na njia yote nilikuwa natabasamu.

Commandant alipenda ubao. Juma lenye kufuata, amri ikatoka: tangu leo herufi nene ni za mouvement peke yake, raia aandike nyembamba. Bale ndio bakubwa betu. Hata unene wa herufi banakamata. Nilimufutia Zorobabel mbavu zote mbili, nikamuandikia nyembamba, na anasema tangu siku ile samaki yake inakonda njiani. Lakini bananiambia pia kwamba ku mulima, Cyrille anaweka kashe mu mufuko wake mwenyewe, na hatoki pale hata kula. Sitamusifu. Ni kazi yake.

Kavuo alirudi ku nyumba yangu ku siku ya kumi, na mutoto mu mugongo wa Jacob, juu yeye mwenyewe hakuweza kubeba. Balimupa jina la Séphora. Nyeupe ilikuwa imebakia mu mukebe, kidogo, ya chini kabisa. Siku ya Mungu, kiisha misa, nikaibeba na nyekundu, nikaenda ku makaburi. Nilikwangua vile vijiti vya kiberiti, nikavuta uzi, nikaandika upya jina la muke wangu na zile zenye kushiba, na kila moja nikaitia alama ku bega.

Catéchiste Ananie alipita, akasimama. Alisema, kwa heshima, kwamba hizo herufi zinacheka, na hapa ni mahali pa batu bafu.

"Ziache zicheke," nikamuambia. "Mwenye jina amepata mujukuu."

Amri ya commandant haisemi kitu juu ya bafu. Niliuliza.